Mishororo 115 ya Mtu Asiye na Kwao

Neno la kwanza la Kiingereza cha Kale lililonishika lilikuwa wræcca. Zama hizo, kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, neno hilo lilimtaja mtu aliyeondolewa kwao: aliyefukuzwa, au aliyekimbia baada ya bwana wake kuuawa. Halikufa. Limo katika Kiingereza cha leo kwa umbo la wretch, na maana yake sasa ni mtu duni, maskini wa kuhurumiwa. Niliyaandika maneno hayo mawili kwenye karatasi moja, katika chumba cha kupanga mtaa wa Kakoba, Mbarara, mwaka 2019, nikayatazama kwa muda mrefu. Hakuna aliyekaa siku moja akaamua kwamba asiye na kwao ni mtu duni. Ndimi za watu zilimsukuma kidogo kidogo, karne baada ya karne, mpaka akafika huko.

Mimi ni mkimbizi kutoka Kongo, mwalimu wa fasihi katika sekondari moja ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Shahada yangu ya ualimu niliisomea Mbarara, na katika yote niliyosoma huko, yaliyonikaa ni mashairi ya Waingereza wa Zama za Kati. Mama yangu, anayeuza ndagaa sokoni Base Camp, alikuwa wa kwanza kuniuliza: "Mama, iyi masomo itakupatia kazi gani?" Kwetu Kivu mzazi humwita binti yake mama, na mtu anayekuita hivyo hajibiwi kwa mkato. Jibu lake nimechelewa nalo. Ndilo hili.

Tulivuka mpaka wa Bunagana mwaka 2008, vita vilipopamba moto Rutshuru, alikokuwa akifundisha baba. Nilikuwa na miaka 11. Kutoka Kisoro tukapanda basi hadi Nakivale, wilaya ya Isingiro, kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Makazi haya yana umri mkubwa kuliko wazazi wangu: yalianza na Watutsi waliokimbia Rwanda miaka ile ya 1959 na 1960. Leo utakuta Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na Waethiopia, na lugha ya kuuziana nyanya mara nyingi ni Kiswahili.

Jambo la kwanza unalofundishwa na maisha ya Nakivale ni kusimulia. Unakaa kwenye benchi, unaitwa, unaingia. Taja jina la kijiji. Taja tarehe. Nani alikuwa mbele, nani nyuma, mlisikia risasi saa ngapi. Mkalimani anatafsiri, afisa anaandika. Mwaka unaofuata unasimulia tena, mbele ya meza nyingine, na siku zisipolingana unaulizwa kwa nini. Siwalaumu wanaouliza. Bila maswali hayo hakuna kadi, na bila kadi hakuna chakula wala matibabu. Lakini angalia yanayompata mtoto. Kaka yangu alikuwa akinifanyisha mazoezi usiku: "Usiseme ilikuwa Jumatano, sema Jumanne, baba alisema Jumanne." Nilipofika kidato cha tatu niligundua kwamba sikumbuki tena barabara yenyewe. Nakumbuka maelezo yangu ya barabara. Habari ya maisha yangu ilikuwa imegeuka hati, inatolewa mfukoni, inaonyeshwa, inarudishwa.

Ofisi moja niliyoiendea kuomba ada iliniambia fasihi si hitaji la wakimbizi, nichague uuguzi au kilimo. Ada ilitoka kwingine, na iliyobaki ilitoka kwenye ndagaa wa mama.

Alasiri moja mhadhiri wetu aligawa kurasa chache za fotokopi. Upande mmoja palikuwa na Kiingereza cha leo, upande wa pili Kiingereza chenye herufi ambazo sikuwahi kuziona, þ na æ. Lilikuwa shairi la mishororo 115. Katika mswada halina jina. Wahariri wa zama zetu ndio walioliita The Wanderer. Tafsiri ya haraka ingekuwa Mzururaji, na mimi silitaki neno hilo, kwa sababu mzururaji ana mahali pa kurudi jioni. Mtu wa shairi hili hana. Bwana wake amekufa, wenzake wamekufa, ukumbi walimokula pamoja umeanguka, naye anapiga kasia peke yake katika bahari yenye barafu. Analala, anaota amemkumbatia bwana wake na kuweka kichwa juu ya goti lake kama zamani. Anaamka, na mbele yake pana mawimbi, theluji, na ndege wa baharini wanaotandaza mabawa. Hakuna zaidi ya hapo. Ndege tu.

Kilichonisimamisha kilikuwa kidogo. Karibu na mwanzo, mtu huyo anasema ni desturi njema ya muungwana kukifunga kifua chake, akayaweka humo anayoyawaza. Kisha, katika shairi lilelile, anasema. Nililirudia shairi mara tatu nikitafuta anamwambia nani. Hamwambii mwenye ofisi. Hakuna anachoomba. Hataji tarehe, hataji kijiji, hatoi ushahidi kwamba alipoteza kweli. Na wala hakuna anayemtilia shaka. Nilikuwa na miaka 22, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu aliyepoteza kwao ana ruhusa ya kunyamaza, kisha siku nyingine akasema, na yote mawili yakawa heshima yake mwenyewe.

Machi 2020 vyuo vyote vya Uganda vilifungwa kwa sababu ya korona. Nilirudi Nakivale na zile fotokopi ndani ya mfuko wa nailoni. Aprili mgao wa chakula kwa wakimbizi ukapunguzwa kwa asilimia 30. Asubuhi tulilima shamba letu dogo la maharage. Mchana, jua likiwa kali, nilikaa chini ya paa la turubai nikaanza kutafsiri, mshororo kwa mshororo, kwa kalamu na daftari la shule. Hapo ndipo nilipoanza kusoma kweli, maana darasani tulipita tu.

Neno la kwanza kunipiga chini lilikuwa "bwana". Shairi humwita goldwine, rafiki mtoa dhahabu. Neno la kila siku la bwana katika lugha ile lilikuwa hlaford, na ukilipasua unakuta hlaf, mkate, na weard, mlinzi. Mlinzi wa mkate. Limesagika kwa miaka hadi likawa lord, na Waingereza wengi hulitamka bila kusikia mkate ndani yake. Nakivale mimi niliusikia. Pwani, posho ni mgao anaopewa mtu. Uganda, posho ni ugali wenyewe. Kwetu maana hizo mbili hukutana kwenye foleni moja. Basi nimwiteje mtu huyu aliyefariki na kuacha wenzake bila pa kula? Nilijaribu bwana, likaja na habari za mtumwa na za mume. Nilijaribu mfadhili, lakini hilo ni neno la mabango ya miradi. Mlishi likawa kama habari za ng'ombe. Baada ya siku nne niliandika mwenyeji wangu, nikaacha hapo. Neno hilo nalo limebeba mawili ndani yake, mwenye na mji. Aliyempoteza mwenyeji wake hakupoteza chakula peke yake. Amepoteza mtu ambaye kwa kuwapo kwake wewe una mahali.

Shida ya pili ilikuwa sauti. Shairi la Kiingereza cha Kale halina vina vya mwisho. Kila mshororo una vipande viwili na kituo katikati, na sisi tuliosoma ushairi wa Kiswahili tunavijua vipande hivyo kwa majina: ukwapi na utao. Kinachovifunga vipande hivyo pamoja ni sauti ya mwanzo ya maneno yenye mkazo, inayorudi ng'ambo ya kituo. Nilipoanza nilifurahi, nikasema Kiswahili kitaliweza hili kuliko lugha yoyote. Kumbe urahisi huo ndio mtego. Sema "kikombe changu kizuri kimevunjika" na utaisikia ki- ikigonga mara tatu bila mshairi kufanya kazi. Sarufi yetu, kwa ngeli zake, imejaa marudio hayo tangu asubuhi hadi jioni, na sikio la Mswahili halishtuki tena kuyasikia. Kwa hiyo ilinibidi kuitafuta sauti ndani ya mizizi ya maneno, mbali na viambishi. Lugha ilinipa zawadi moja, bahari na baridi. Mengine niliyatoa jasho. Mishororo mingine bado imelala kwenye daftari bila mlio wowote, nami sijaitangaza kuwa imekwisha.

Hao ndege sikuwapata kwenye kamusi. Niliwapata ziwani. Jioni moja nilimwona mnandi juu ya gogo, ametoka majini, amefungua mabawa yote mawili na kuyashikilia hivyo, hatikisiki, maji yakichuruzika. Alikaa hivyo mpaka giza. Sijui kama ndiye ndege wa shairi, na Isingiro hatuna theluji. Lakini nilirudi nyumbani nikaandika mistari miwili ambayo sijaibadilisha tangu siku ile.

Vyuo vilipofunguliwa, mwanafunzi mwenzangu Mnyankole alitualika kwao kwenye kuhingira, sherehe ya kumtoa binti. Baada ya chakula alisimama mzee mmoja mwenye fimbo ndefu. Akaanza kukariri ekyevugo, majigambo ya Wahima, ya vita na ng'ombe. Kila mshororo aliutoa kwa pumzi moja, kwa kasi ambayo hata wenye lugha walikuwa wakiifukuzia, na kila mshororo ulifunguliwa kwa jina jipya la sifa. Watu wakaitikia, naye akachukua pumzi, akaendelea. Nywele zilinisimama. Nilikuwa nimesoma kurasa kadhaa kuhusu jinsi watunzi wa Beowulf, utenzi wa kishujaa wa Kiingereza cha Kale, na wenzao walivyosimama ukumbini, na sikuwa nimeelewa chochote hadi nilipomsikia mzee yule. H. F. Morris alizikusanya ebyevugo na kuzichapisha katika kitabu mwaka 1964, Oxford. Lakini kitabu hakina pumzi. Tangu siku hiyo naamini kwamba mwanafunzi wa Mbarara ana nafasi ya kulielewa shairi la Kiingereza cha Kale ambayo mwanafunzi wa London hana, kwa sababu kwake kitu hicho bado kinasimama na kusema.

Upande wa baba sisi ni Wanyanga wa Walikale, huko Kivu. Babu alikuwa akitusimulia Mwindo: mtoto aliyezaliwa akitembea na kusema, baba yake akamkataa, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, naye akaelea mpaka kwa shangazi yake Iyangura. Beowulf linaanza na mtoto pia, Scyld, aliyefika kwa maji bila kitu, akaja kuwa mfalme; na alipokufa walimrudisha majini ndani ya jahazi lililojaa hazina. Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Nilimsikia babu akipiga paja kwa kiganja ngoma inapoingia mtoni.

Beowulf lenyewe limebaki katika mswada mmoja tu duniani, na mwaka 1731 jumba lililouhifadhi liliwaka moto. Uliokolewa ukiwa na kingo zilizoungua, na kila ulipoguswa ulizidi kumomonyoka. Lile shairi langu la mishororo 115 limo katika kitabu cha kanisa kuu la Exeter, alichokiacha askofu Leofric, aliyefariki mwaka 1072. Kurasa za mwanzo zina mikato ya kisu na duara lililoachwa na chombo kilichowekwa juu yake. Za mwisho zina matundu ya moto. Kuna watu waliokatia vitu juu yake. Na Mwindo? Mwaka 1956 msimulizi Candi Rureke alimkariria mtafiti Daniel Biebuyck kwa siku kadhaa, na mwaka 1969 Biebuyck na Kahombo Mateene wakalichapisha. Hilo ndilo Mwindo ninaloweza kulifundisha. La babu lilikuwa na mambo ambayo humo hayamo, nami nilikuwa mtoto, sikuyashika yote. Babu alibaki Walikale, na hakuna aliyemwandika.

Kuna mwenzangu darasani aliyeniambia ninapoteza muda kwa mashairi ya watawala. Namheshimu kwa swali hilo, na historia iko upande wake. Mwaka 1968 pale chuoni Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wa kutaka idara ya Kiingereza ifutwe. Nimeusoma waraka huo zaidi ya mara moja. Walichotaka ni Afrika ikae katikati, na fasihi za wengine zitazamwe kutoka hapo. Mimi nimekaa hapo. Nalitazama shairi la Exeter nikiwa na Mwindo mkono mmoja na Al-Inkishafi mkono wa pili, utenzi ambamo Sayyid Abdalla, mwanzoni mwa karne ya 19, aliuliza wako wapi waliojaza majumba ya Pate yaliyobaki na popo. Muulizaji wa Exeter anauliza vilevile juu ya ukumbi wake. Hawakujuana, wala hakuna aliyemwazima mwenzake. Wote wawili walisimama mbele ya ukuta ulioanguka.

Chaucer, mshairi mwingine wa Uingereza ya Zama za Kati, nampenda, ila kwa tahadhari. Katika hadithi zake za Canterbury, alizoziandika mwishoni mwa karne ya 14, mahujaji wanasimulia njiani kwa shindano, na mshindi atalipiwa chakula cha jioni na wenzake. Wasomaji wengi hulipita jambo hilo. Mimi nililisoma nikaiona ile benchi: simulizi nzuri, sahani ya chakula. Huko Uingereza, tangu mwaka 2015, kuna watu wanaotembea kwa miguu pamoja na wageni waliowahi kuwekwa kizuizini bila kikomo, na habari zao huandikwa kwa mfano wa Chaucer katika vitabu viitwavyo Refugee Tales. Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, aliyefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kent mjini Canterbury, ni mmoja wa walioandika humo. Kazi hiyo ni njema, na natamani ifike hapa. Lakini ninapochagua shairi la kumpa mwanafunzi wa Nakivale, nachagua lile ambalo ndani yake hakuna anayelipwa kwa simulizi.

Kwa hakika siku ya kwanza nawapa vitendawili. Kitabu cha Exeter kina karibu mia moja, na majibu hayakuandikwa. Darasani nina Wanyarwanda wanaoanza kwa "Sakwe sakwe!" na kuitikiwa "Soma!", na Wakongo na wengine wanaosema "Kitendawili!" wakajibiwa "Tega!" Kelele inakuwa nyingi, kisha natega cha mla maneno: mwizi aliyemeza usemi wa mtu mwenye hekima, wala hakuzidi akili kwa alivyomeza. Vitabu vya Ulaya hujibu ni funza wa nondo. Msichana mmoja wa nyuma, aliyekuwa hajafungua mdomo tangu muhula uanze, alisema, "Ni mchwa, mwalimu. Walikula vitabu vya kaka yangu vyote." Darasa likacheka kwa kukubali, kwa maana kila nyumba ya udongo hapa inawajua. Nikaandika ubaoni: mchwa. Hilo ndilo jibu la Nakivale, na silisahihishi.

Msichana huyo alikuja kwetu mwaka juzi. Sijui alipita njia gani, na sijamuuliza. Mwezi uliopita aliniletea kitendawili alichotunga mwenyewe, mishororo sita, chenye sauti iliyofungwa ndani ya mizizi kama nilivyowaonyesha. Kinasimulia kitu chenye milango mingi kisicho na ukuta. Sijakitegua bado. Akicheka anafunika mdomo kwa mkono.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wenzangu, wa Nakivale, wa Kakuma kule Kenya, wa Nyarugusu kule Tanzania, na wa popote mtoto anapoingia darasani akiwa ameshahojiwa mara tano. Msimpe insha ya "Safari yangu hadi hapa" kuwa zoezi la kwanza. Ameshaisimulia, na anajua wapi pa kuweka Jumanne. Mpeni kwanza shairi la mtu mwingine, wa mbali kabisa, mwenye barafu kwenye kasia, ahesabu vipande vyake na kuitafuta sauti inayovifunga. Yake atayaleta siku atakayotaka. Na asipoyaleta, mpeni alama zake zote.